Vidole Viwili Ndani ya Mpini

Ulimwona. Usinikunjie uso, ulimwona. Mwanamke mwembamba, tepu ya kupimia nguo shingoni, amesimama mbele ya posta na picha ya baba yake kifuani, kila Jumatatu kwa miaka kumi na moja. Ulipomkaribia, ghafla ukakumbuka kuna ujumbe kwenye simu. Ukainama, ukapita. Wenzako walivuka barabara kabisa, wakaenda kuungua jua upande wa pili, ili mradi wasisome maneno matatu yaliyoandikwa chini ya ile picha: BABA YANGU HAKUIBA. Sura zenu nazikumbuka moja moja. Mliosahau ni nyinyi, na leo mnafungua kitabu cha upelelezi, miguu juu ya kiti, mkitaka kuambiwa mwizi ni nani.

Haya, soma.

Jumatano, saa nne kasoro dakika tano asubuhi, kachero aligonga mlango wa chuma nyuma ya jumba la makumbusho. Alikuwa peke yake, kama kawaida yake. Ofisini kwake kulikuwa na viti viwili, na kile cha wageni alikuwa akitundikia koti. Idara ya upelelezi ilimstaafisha miaka sita kabla ya wakati kwa kosa la kuuliza swali moja mara tatu, na tangu hapo alifanya kazi kwa watu ambao hawakuwa na mwingine wa kumwendea.

Mkononi alikuwa na kibali cha jaji: akague sehemu zote za upanga, kwa muda wa saa moja, mbele ya mtunza ghala.

Kesi yenyewe haikuwa ndefu. Miaka kumi na moja nyuma, upanga wa ncha mbili uliosemekana kuwa na umri wa miaka mia tatu ulitoweka kwenye kabati lake la kioo. Siku nne baadaye polisi wakaukuta chini ya kitanda cha mlinzi wa zamu. Mahakamani mlinzi alisema maneno manne tu: "Huu sio upanga wenyewe." Hakimu akamuuliza amesomea wapi mambo ya panga. Watu wakacheka. Akapigwa miaka ishirini. Sasa alikuwa na miaka sabini na minane, kitanda cha tatu kutoka mlangoni katika zahanati ya gereza, na kifua chake kilipiga filimbi kila alipovuta pumzi. Yule mwanamke wa mbele ya posta, fundi cherehani, ni binti yake wa pekee, na ndiye aliyemtafuta kachero.

Siku iliyofuata, Alhamisi saa tatu, jaji angesikiliza ombi la kufungua kesi upya. Ijumaa upanga ungetiwa kwenye sanduku na kupelekwa ng'ambo kwa maonyesho, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyekubali kuandika tarehe ya kuurudisha. "Niambieni huu upanga umetoka wapi," jaji alimwambia wakili, "na mniletee mtu hai wa kulisema hilo kwa mdomo wake. La sivyo nafunga faili." Na yule mzee hakuwa na kifua cha kusubiri ombi jingine.

Aliyefungua mlango ni mtunza ghala, mama mwenye funguo nyingi kiunoni kiasi kwamba akitembea unadhani kuna mbuzi wa kengele nyuma yake.

"Mfuko una nini?"

"Koleo, bisibisi, nyundo ya mpira, karatasi na penseli."

"Bisibisi ya nini? Umekuja kukagua au kutengeneza redio?"

"Itategemea nitakachokuta, mama."

"Hutakuta kitu. Wenzako wenye shahada hawakukuta."

Alimpeleka kwenye chumba kisicho na dirisha. Rafu mpaka darini, taa moja, feni isiyozunguka. Karibu na mlango kulikuwa na daftari la wageni. Jina la mwisho liliandikwa wiki tano nyuma, na lilikuwa la fundi wa feni.

Upanga ulilazwa juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe. Kachero alivaa glavu akaupima: urefu wa mkono wa mtu mzima, kuanzia bega mpaka ncha ya kidole cha kati. Makali upande mmoja. Mwishoni ulipasuka ukawa ncha mbili, kama ulimi wa nyoka. Kwenye mfereji wa katikati kulikuwa na maandishi ya kukwaruzwa. Mpini ulizungushiwa waya wa shaba nyekundu, na mwisho wake ulivikwa kofia ya shaba.

Alifungua faili. Mtaalamu mmoja alikuja kutoka mbali, akautazama dakika arobaini, akaandika kurasa tisa: maandishi ni ya ng'ambo, kutu ni ya karne nyingi, kazi ni ya wahunzi wa mfalme. Kachero alichomoa picha ya zamani iliyopigwa kabla ya wizi, akailaza kando ya upanga. Alihesabu herufi kumi na saba kwenye picha, na kumi na saba kwenye chuma. Pengo dogo kwenye makali, shubiri moja kutoka nchani, lilikuwepo hapa na pale. Hata mkwaruzo wa upande wa kushoto ulifanana.

Dakika ishirini zilikuwa zimekwisha. Alikaa.

"Vinalingana," alisema. "Kila kitu."

"Si nilikuambia?"

"Hukuniambia, mama. Ulisema sitakuta kitu."

"Basi nakuambia sasa."

Kachero alikuwa ameinama tena, lenzi jichoni, mahali ubapa wa upanga unapoingia kwenye mpini. Alikaa hapo kwa muda mrefu mpaka mama akaanza kuzihesabu funguo zake.

"Jembe lako nyumbani linaanza kuoza wapi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mimi nina jembe la nini? Nakaa ghorofa ya nne."

"Huanzia kwenye mpini. Jasho la mkono linaingia ndani na halitoki. Upanga wa miaka mia tatu, ulioshikwa na mikono yote hiyo, ungekuwa umelika hapa kuliko mahali pengine. Huu una kutu kila sehemu, ila hapa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo waliouozesha waliuozesha ukiwa tayari umevaa mpini."

Alitoa bisibisi. Mama akasimama mbele ya meza, mikono kiunoni.

"Weka hiyo kitu chini. Kibali kinasema kukagua."

"Kinasema kukagua sehemu zote."

"Ndani ya mpini si sehemu. Ndani ni ndani."

"Ukienda hospitali unaumwa tumbo, utamwambia daktari asiguse, ndani si sehemu?"

Mama alisoma kibali mara mbili, midomo ikicheza. Akasogea.

Sasa sikiliza kwa nini alikuwa na hakika ya kufungua. Jana yake, Jumanne, kachero alizunguka mtaa wa wahunzi na picha ya upanga. Sita walimwambia wana kazi. Wa saba, mkarabati wa majembe asiye na meno ya mbele, alicheka mpaka akakohoa. "Wasomi wako wametazama nje tu, eeh?" Wahunzi wa mtaa ule, alisema, wana utaratibu wao. Mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini hawaufui mpaka mwisho. Wanaacha upana wa vidole viwili kama ulivyokuja, haupigwi nyundo wala tupa. Kama ilikuwa reli, utaiona reli. Kama ilikuwa tairi la mkokoteni, utaliona. Maana kila chuma kina moto wake, na mhunzi atakayeletewa kitu hicho kukikarabati miaka thelathini baadaye, huyu wa kwanza akiwa kaburini, lazima ajue ameshika nini kabla hajakitia makaa. Pembeni wanakata alama ya patasi, kila mtu na yake.

Kofia ya shaba ilifungwa kwa msumari mmoja wa kupita. Kachero aliugonga kutoka kushoto, taratibu, mpaka ukatoka. Ulimbo mweusi wa ndani ulipasuka vipande. Ilimchukua dakika kumi na mbili kuuvuta mpini bila kukata waya hata mmoja.

Mkia ulitoka msafi. Ulikuwa na ubuluu wa moto, kama umetoka kiwandani wiki iliyopita, hakuna hata doa la kutu. Na mwishoni, upana wa vidole viwili, chuma kilikuwa bapa, kimepinda kidogo, na ukingoni kwake kulikuwa na nusu ya tundu la bolti. Juu yake ziligongwa tarakimu nne na mashine, zimenyooka kwa mstari.

"Hiyo si ni springi ya lori!" mama ghala alisema. "Mume wangu marehemu alikuwa na lori, zilikuwa zinavunjika kila..." Akaziba mdomo kwa mkono.

"Endelea, mama."

"Sikusema kitu."

"Miaka mia tatu iliyopita kulikuwa na lori?"

"Funika hiyo kitu, baba. Nakuomba. Nimebakiza miaka miwili nistaafu."

"Utaandika ulichokiona?"

"Mimi ni mtu wa funguo. Nitaandika umeingia saa nne, umetoka saa tano."

Hivyo ndivyo alivyoandika. Na mwandiko wake ulikuwa mzuri sana.

Kachero alilaza karatasi juu ya mkia, akasugua penseli. Zikatokea tarakimu, nusu ya tundu, na pembeni mikato mitatu ya patasi iliyotawanyika kama mguu wa kuku. Akarudisha mpini, akagonga msumari, akatoka nje na karatasi ndani ya kofia yake ya kichwani.

Mkarabati wa majembe hakuhitaji hata kuishika. "Mzee Cheche," alisema. Kisha akatazama huku na huku, akarudi kwenye jembe lake. "Alihama miaka kumi na moja iliyopita, yuko kule kwenye kiwanda cha mbao. Hafui tena. Mimi hujaniona."

Nyumba ya Mzee Cheche ilikuwa ya mwisho kabisa, nyuma ya kiwanda cha mbao kilichofungwa. Baada yake ni majani tu. Ilikuwa yapata saa saba mchana. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja, kikombe kimoja, sahani moja imegeuzwa chini juu. Pembeni palikuwa na mahali pa kufulia chuma: mvukuto ngozi imekauka na kupasuka, fuawe ya kugongea chuma imefunikwa gunia kama maiti. Mzee mwenyewe, mabega mapana juu ya mwili uliokwisha, alikuwa kwenye kigoda akitazama mlango ulio wazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chai sina."

"Sikuja kunywa."

"Wote wanaokuja hawaji kunywa."

"Kwani wanakuja wangapi?"

Mzee alifikiri. "Msoma mita."

Kachero alivuta gunia, akaweka karatasi juu ya fuawe. Mzee hakuigeukia.

"Miwani yangu imevunjika, mwanangu."

"Basi nitakueleza. Ni mkia wa upanga wa makumbusho. Una alama ya mtu wa mtaa wa wahunzi."

"Wako wengi."

"Nimekuja kukuuliza kama unamjua."

"Simjui."

"Sawa." Kachero alikunja karatasi polepole. "Kazi nzuri, lakini. Ulinisumbua kuufungua. Ilibidi nigonge ule msumari kutoka kulia, kwa nguvu..."

"Kutoka kulia!" Mzee alisimama nusu. "Mpumbavu wewe, ule una kichwa upande wa kulia, ungeupasua mpini wote!"

Kuku alipita mlangoni, akachungulia, akaondoka.

"Niliugonga kutoka kushoto," kachero alisema. "Ni mzima."

Mzee alikaa. Aliifuta mikono yake magotini, ingawa haikuwa na kitu.

"Nani alikuletea kazi?"

"Mkurugenzi wa makumbusho. Yule wa zamani, ambaye siku hizi barabara hufungwa akipita. Alikuja mwenyewe na gari, na upanga wenyewe umefungwa blanketi. Akaniachia siku mbili nipime. Akasema ule wa kweli watauficha usiibiwe, wangu ndio utakaa kwenye kioo. Akasema ni kazi ya serikali, nisimwambie mtu."

"Lini?"

"Miezi mitano kabla ya kusikia umeibwa."

"Kutu uliipata wapi?"

"Chumvi na mavi ya kuku. Nikauzika miezi miwili, kila wiki nakwenda kuutazama kama mgonjwa."

"Ukiwa na mpini wake."

"Ukiwa na mpini. Alitaka shaba nayo izeeke."

"Alikuambia ufanane kila kitu. Ule mkia kwa nini hukuufua wote?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali. "Alisema ufanane. Nje umefanana. Ndani si kwake. Kesho mtu auvunje, apelekewe fundi mwingine, adhani ni chuma cha zamani, autie moto mdogo? Ungemfia mkononi. Siwezi kumfanyia fundi mwenzangu hivyo."

"Kwa hiyo uliacha ukweli ndani."

"Sikuacha ukweli. Niliacha springi."

Kachero aliandika hilo neno kwa neno.

"Ulijua lini kwamba kuna mtu amefungwa kwa ajili yake?"

"Redio iliposema wameukuta chini ya kitanda, na ncha mbili, na pengo shubiri moja kutoka mwisho. Lile pengo nililikata mimi."

"Ukafanya nini?"

"Nikazima."

"Redio?"

"Redio. Na moto."

Nje upepo ulikuwa ukisukuma bati la kiwanda, linagonga, linaacha, linagonga. Kachero aliuliza swali lake mara ya kwanza: kesho atakuja mahakamani? Mzee akasema ataweka dole gumba kwenye karatasi. Kachero akamwambia jaji hataki karatasi, anataka mtu hai. Akauliza mara ya pili. Mzee akasema miguu yake ni mibovu. Akauliza mara ya tatu.

"Nilikwenda," mzee alisema. "Siku ya hukumu. Nilivaa shati jeupe, nikafika mpaka getini. Nikamkuta yule binti yake, na askari wawili. Basi. Barabara nzima tupu, maduka yamefunguliwa, watu wamo ndani wananunua sabuni. Nikajiambia, mji mzima umeona hakuna haja. Mimi mfua vyuma ni nani? Nikageuza."

"Na kesho?"

"Kesho nikikuta watu getini, nitaingia, nitasema yote, na alama yangu nitaionyesha. Sitaki wapige kelele. Hata wakija kukwepa jua, wasimame tu. Lakini nikimkuta binti na askari tena, nitageuza, mwanangu. Sikudanganyi. Miguu yangu naijua."

Kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja kachero alitafuta watu, na ninayo orodha. Wahunzi sita wana kazi. Wa saba hajaonekana. Mwalimu aliyekuwa akipeleka darasa lake makumbusho kila mwaka ana mitihani ya kusahihisha. Mpiga picha aliyepiga ile picha ya zamani ana harusi. Jirani wa mlinzi, ukuta kwa ukuta miaka ishirini na miwili, alisema atakuja, kabisa, Mungu akipenda, kisha akauliza kama kachero atakuwa anaandika majina. Wakili wa zamani wa mlinzi hakufungua mlango, ingawa pazia lilitikisika.

Fundi cherehani alikuwa kibarazani kwake, mguu kwenye pedali, anashona sare za shule za watoto wa watu. Kachero alimweleza yote, kuanzia kutu mpaka springi. Alisikiliza bila kusimamisha mashine. Alipofika kwenye habari ya getini, mashine ilisimama.

"Alifika?"

"Alifika."

"Mwenye kujua alifika mpaka pale, akaniona mimi, akageuza." Alishika kitambaa kwa mikono miwili. "Kwa hiyo ni mimi niliyemgeuza."

"Hapana, dada. Ni nafasi iliyokuwa pembeni yako."

Alikata uzi kwa meno. "Haya, kesho tutakuwa wangapi?"

"Wewe. Na mimi."

"Askari?"

"Wawili."

Aliinamisha kichwa, akaendelea kushona ukosi.

Hapo ndipo upelelezi ulipokwisha. Chuma kinajulikana kimetoka wapi, mkono uliokifua unajulikana, na mkubwa aliyekiagiza unamjua, umewahi kusimamishwa kando ya barabara apite; upanga wa kweli, yeye ndiye ajuaye ulipo. Hakuna kilichobaki cha kuchunguza. Kachero hawezi kugeuka kuwa watu ishirini, na binti amesimama peke yake mpaka mgongo umeanza kupinda.

Umebaki wewe.

Geti la mahakama, lile la upande wa stendi. Alhamisi, saa mbili na nusu. Mzee Cheche anatembea polepole, atatokea kwenye kona ya duka la vioo karibu saa tatu kasoro robo, amevaa shati jeupe, na kabla hajavuka barabara atasimama ahesabu. Huna haja ya bango. Huna haja ya kumjua mtu. Ukiogopa kuandikwa jina, sema umekuja kukwepa jua. Mchukue dada yako, mchukue yule rafiki anayejidai ana kazi, mfanye wenzio kazini wachelewe saa moja. Mjipange kando ya yule mwanamke, bega kwa bega, pasionekane ukuta nyuma yenu.

Usimalizie ukurasa huu ukasema masikini. Piga simu sasa hivi, kwa mtu wa kwanza unayemkumbuka, umwambie mnakutana wapi.